Sauti Iliyobaki Kwenye Diski Tupu

Jumanne, saa tisa alasiri, ndipo sauti ya marehemu mke wangu ilipotutoka.

Nilikuwa nimepeleka kompyuta yake kwa fundi, hapa mtaani Makiso, aifute kabla hatujampa mpwa wake. Picha nilikwisha kuzitoa. Fundi akaandika amri moja fupi ya kuifanya diski ifute kila kitu kilichomo. Mashine ikakataa.

"Papa, kuna faili iko wazi ndani, bado inatumika. Nilazimishe? Hii haina kurudi nyuma, hein."

"Lazimisha tu."

Hapakuwa na mlio wowote. Kabla sijamaliza ishara ya msalaba, diski ilikuwa tupu. Fundi akatafuta lile faili lililokuwa wazi, akalibonyeza. Mke wangu akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa mazoezi ya kwaya, nami sikujua kama aliurekodi.

Fundi akarudisha mkono kama aliyeungua. "Diski imekwisha, papa! Hii inatoka kwa kumbukumbu ya muda ya mashine. Iko na kipande tu."

"Kiokoe."

"Niko najaribu."

Alikuwa bado anachomeka flashi sauti ilipokatika, katikati ya neno "uje". Wateja waliokuwa wakingoja zamu yao wakatazama sakafu.

Wasomaji wangu, kila siku tunalalamika kwamba mashine hazina huruma. Ile ilikataa kumfuta, nami nikaiona kaidi.

Ee Bwana, wewe unayeujua wimbo mzima, mpokee mtumishi wako aumalizie mbele yako, na mwanga wako usimtoke kamwe. Amina.