Kiingereza Alichokitaka Mama

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule Mpanda mjini, na mdomo wangu mkali, wateja wangu wanalijua hilo. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, cha kuombea maji. Lakini kwa mama yangu, kule Kibaoni, mimi ndiye msomi aliyebaki. Msomi wa kweli alikuwa kaka yangu. Alikwenda Ulaya kusoma, akaoa huko huko, akapata mtoto mmoja wa kike asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Mvua za mwaka jana zilipoanza, moyo ukamsimama. Wifi akatuma ujumbe kwamba shughuli ya kumuaga imekwenda vizuri. Sisi tukakaa matanga bila maiti, tunalilia picha.

Mpunga ulipoanza kukomaa nilikwenda kumsaidia mama kulinda ndege. Siku ya kwanza tu, tumekaa kwenye kichanja katikati ya shamba, akaniambia nimfundishe Kiingereza.

"Kiingereza cha nini, mama? Unataka ubunge?"

Hakucheka. "Nataka kumuuliza mjukuu wangu kama alimtupia baba yake udongo."

Roho iliniuma. Kwetu jeneza likishashushwa, watu wa damu ndio wanaoanza. Mtoto wa marehemu hutangulia, na hata kama bado anabebwa mgongoni, anashikwa mkono anatupishwa. Mama alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya kiganja kimoja cha udongo. Alisema kama hakuna mkono wa damu yake uliomfukia, basi mwanawe hakuzikwa, ametupwa tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nisingeweza kubishana naye.

Nikamwambia nitamuuliza mtoto mwenyewe kwenye simu, kazi ya dakika moja.

"Thubutu! Wewe utaniwekea sukari. Baba yako alipougua kila siku ulinambia daktari kasema anaendelea vizuri. Tukaenda kumzika anaendelea vizuri."

Nilinuna, kisha nikakubali.

Nilianza kama tulivyofundishwa shuleni: good morning, how are you, I am fine. Akakataa katakata. Kila neno aliuliza, "Hilo linafanya kazi gani?" na nikisema ni salamu tu, anasema nimpelekee mwalimu wangu. Alitaka maneno ya kazi. Nikaachana na ya shule, nikamfundisha kwa yale tuliyokuwa tunayafanya. Ndege wakishuka, wale wadogo wanaokuja kundi zima, tulikuwa tunawarushia mabonge ya udongo mkavu. Nikamwekea bonge moja kiganjani.

"Hii ni soil. Udongo wa shambani, unaootesha vitu."

"Soili," akasema, akalifinya taratibu.

"Sasa lirushe. Huko kurusha ndiko throw. Kitu kinatoka mkononi kinakwenda mbali."

"Throo!" Akarusha kwa nguvu zake zote, na ndege wakaruka. Jamani, siku hiyo nilimwona mama akitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Father ni baba, hilo halikumsumbua. You ndilo lililomkera. Nilimweleza kwamba ni wewe, na ni nyie, na mkubwa na mdogo wote wanaitwa hivyo hivyo.

"Hata padri?"

"Hata padri."

"Lo! Kumbe kaka yako aliishi na watu wa namna hiyo."

Yes na no alikuwa nazo tayari, za redioni. Sentensi nikamkatia fupi, asihangaike na mapambo: You throw soil on father? Akaifanyia mazoezi akipepeta mchele, akiosha vyombo, akienda misa. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Usiku nilikuwa nasali mtoto aseme yes. Sikuwa na sala nyingine.

Jumapili jioni wifi akapiga simu ya picha, akamwachia mtoto. Paji la uso lilikuwa la kaka tupu, utadhani limekatwa likabandikwa. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaisema sentensi yake yote bila kukosea.

Mtoto akatazama pembeni, kisha akasema polepole, kwa adabu, "No, Grandma. They burned him."

No mama aliijua. Niliyaona mabega yake yakishuka. Lakini akanigeukia.

"Amesema na jingine. Hilo nalo linafanya kazi gani?"

Nililijua. Ni neno la kila siku: tunachoma mahindi, tunachoma tofali, tunachoma majani ya shamba. Sijawahi kuchukia kujua kitu kama nilivyochukia dakika ile. Ningeweza kusema maana yake ni walimwombea. Nani angeniumbua? Lakini mama alikuwa ananitazama usoni, akingoja.

"Kuchoma, mama."

"Kuchoma nini?"

"Kaka. Walimchoma. Huko wako wanaofanya hivyo, si kwa ubaya."

Niliogopa atapiga yowe. Hakupiga. Alikaa chini sakafuni, simu bado mkononi, akauliza kimebaki nini. Nikamuuliza mtoto kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. Akatoka mbio, akarudi amekumbatia chombo kidogo chenye mfuniko, akakiinua tukione. Alisema majivu ya baba yake yamo humo, na kinakaa sebuleni, juu ya kabati.

"Yesu na Maria," mama akasema. "Mwanangu bado yuko juu ya ardhi." Akafuta machozi kwa khanga. "Leta, kwa Kiingereza wanasemaje?"

"Bring."

Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Bring father," akamwambia mjukuu wake. "Bring father."

Mtoto akainua macho kumtazama mtu ambaye sisi hatukumwona. Mkono wa mtu mzima ukaja kwenye kioo, na simu ikakatika.

Kesho yake mama alitafuta vijana wakamchimbia shimo pembeni ya kaburi la baba. Dogo, la kutosha chombo kile. Sasa mvua zimerudi, na kila zikinyesha linajaa maji, anakwenda na kopo kuyachota. Jumapili nakwenda kwake, tunampigia wifi simu. Inaita mpaka inakata, na mama ananiambia nipige tena.