Mlio wa Lesikar

Wakikuambia bendi ya tarumbeta ya hapa Arusha ilianza kwa shangwe, wakatalie. Mimi nimeolewa na mwanawe Lesikar, na habari hizi nilizisikia kwa mzee mwenyewe.

Lesikar alikuwa mpuliza pembe ya tandala huko Lemara. Kwetu pembe hiyo haipulizwi ovyo. Ikilia, kila mwanamume huacha alichoshika akakimbilia inakotoka, maana kuna hatari. Mjerumani mwenye bendi alimkuta akibeba mawe kwenye kazi ya shuruti, akaona ana pumzi, akampa tarumbeta. Lesikar akashukuru. Nani asingeshukuru?

Vita ilipoanza, Mjerumani akamwambia apige kwa tarumbeta ule mlio wa kwao, ili watu waje kusikiliza bendi. Akapiga. Wanaume wakaja mbio na fimbo mkononi, mdogo wake Saning'o akiwa mbele. Askari wakawazingira, wakawafunga kamba, wakawapeleka kubeba mizigo ya jeshi. Bendi ikaamriwa iendelee kupiga, vilio visisikike. Hakurudi hata mmoja.

Mwaka uliofuata nyumba ya Lesikar ilishika moto, mkewe Nosim akiwa ndani na mlango umeangukiwa na boriti. Lesikar akaichukua pembe yake ya zamani, akapuliza mpaka midomo ikatoka damu.

Lemara nzima ilisikia. Kina mama wakawafungia ndani wanaume waliobaki.