Bamba la Mwisho

Fundi wa miguu ya bandia pale hospitalini aliitwa Nyayo, na jina hilo alilipenda. Zamani walikuwa watatu katika karakana, nyuma ya chumba cha eksirei, wakitoa miguu minane kwa mwezi. Mmoja akastaafu. Wa pili, rafiki yake mrefu aliyekuwa akigonga kichwa kwenye taa kila asubuhi, akahamishiwa mji mwingine, na nafasi yake haikujazwa. Kisha tanuri la kulainishia plastiki likafa. Nyayo aliandika barua, akajibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu barua hiyo.

Aliingia kazini saa moja na nusu vilevile. Alifagia, akapaka mafuta vifaa visivyofanya kazi, akaketi. Alitamani kelele. Alitamani kumsikia mwenzake akisema, "Vuta," naye avute kabla neno halijaisha.

Kila Jumatatu alikuja mama mmoja mshonaji, kwa magongo. Mguu wake ulikatwa chini ya goti, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga.

"Mwanangu, bado?"

"Bado, mama. Tanuri."

"Siku hizi naota nakanyaga. Nikiamka, goti linacheza lenyewe."

Maneno hayo yalimganda. Jumatano alichukua umbo la plasta la kigutu cha yule mama na mabamba mawili ya plastiki, ndiyo yaliyobaki stoo, akaenda kwa mwoka mikate wa jirani.

"Kaka, mikate ikinuka plastiki nitamlisha nani?"

"Nitalisugua tanuri mwenyewe, kona zote."

Mwoka mikate akakuna kidevu. "Haya, nikishatoa mikate ya mchana."

Bamba la kwanza lililainika vizuri, lakini kulivika juu ya umbo kunataka mikono minne. Nyayo aliposema "Vuta," mwoka mikate akaachia. Plastiki ikajikunja, ikagandia hapohapo. Nyayo akaibandua, akaiweka kando.

"Nisamehe, kaka. Nimezoea unga, haunaga haraka hivi."

Wakafanya mazoezi kwa gunia tupu, mara kumi, mara kumi na tano. Bamba la mwisho lilipotoka motoni walivuta pamoja, likakaa sawasawa, bila kunyanzi hata moja.

Wiki mbili baadaye Nyayo alikwenda nyumbani kwa mshonaji kukaza mikanda ya mguu. Mama yule aliketi kwenye cherehani, akakanyaga, akashona pindo la pazia mwanzo hadi mwisho, kisha akalifumua ili alishone tena.

Kwenye daftari la karakana bado walisubiri watu kumi na mmoja, na stoo haikuwa na bamba hata moja. Jioni Nyayo alimpigia simu rafiki yake.

"Nimemvika mtu mguu."

"Nani kakushikia upande wa pili?"

"Mwoka mikate."

Wakacheka.

"Huku wameniletea tanuri jipya," rafiki yake akasema. "Plastiki ndiyo hakuna."

Nyayo akauliza linachukua dakika ngapi kupata moto, na mlango wake unafungukia upande gani. Mwenzake akamweleza yote, taratibu.