Mkao wa Fundi Cherehani

Dukani kwangu hakuna anayenunua helmeti akiwa amesimama. Wengi hukasirika wakiambiwa hivyo. Mtu ameingia zake, ameshachagua rangi, ameshajitazama kwenye kioo na kujiona kidume, halafu mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili, ndiye mimi, anamwambia apande kwanza ile pikipiki iliyo katikati ya duka. Pikipiki yenyewe haina injini wala matairi. Nimeifunga kwenye stendi ya chuma isiyumbe, na imekula nafasi ambayo ningeweza kupanga mali. Lakini haiondoki. Atakayeondoka ni mteja mbishi.

Sababu ni hii. Mbele ya kioo mtu ana mwili mmoja, barabarani ana mwingine. Kuna anayelalia tenki kana kwamba ameangusha sindano anaitafuta. Kuna anayekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Yule anayelala, kidevu kinashuka na macho yanabaki kutazama kwa juu, kwa hiyo helmeti ya kawaida inamfunika nusu ya njia. Huyo anataka iliyokatwa juu zaidi kwenye paji la uso na isiyomgonga kisogoni. Anayekaa wima, upepo wote ni wake, kifuani na kidevuni, na huyo nampa nyepesi, inayoshuka vizuri mpaka chini ya taya. Ukizibadilisha, shingo ndiyo inayoumia. Haya nimeyasema mpaka mdomo umechoka.

Fundi Cherehani aliingia asubuhi moja, duka likiwa tupu, helmeti yake ameikumbatia kifuani. Mtaani kwetu nani asiyemjua? Anazunguka na pikipiki nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda, akitengeneza cherehani za watu. Ni mrefu, mwembamba, mtu wa sauti ya chini. Zamani hukumwona bila mkewe. Yule mama alikuwa mtu wa mwili hasa, na maneno yake yalitosha watu wawili. Alikaa nyuma ya mumewe, sanduku la vifaa limefungwa kwenye keria nyuma yake, na wakifika kwa mteja fundi anafungua mashine huku mama anauza nyuzi, sindano na bobini. Nilikuwa nikiwasikia wakipita. Mama alichungulia njia juu ya bega la mumewe na kumwongoza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Shimo hilo! Kushoto! Kushoto nimesema, baba, wewe kushoto kwako ni wapi?" Tulicheka, na fundi naye alicheka.

Sasa alikuwa anapita kimya. Nilijua kwa nini, kila mtu alijua. Binti yao anayeishi mji wa mbali alijifungua mapacha, mama akaenda mara moja kumsaidia uzazi. Mapacha wakaota meno, wakatambaa, wakatembea, na sasa wanavaa sare za shule, na mama bado yuko huko huko kwa ile mara moja. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, pangekuwa na la kusuluhisha. Fundi alimfuata wakati fulani, akakaa sebuleni kwa mkwewe bila kazi yoyote, watu wakiruka miguu yake kwenda jikoni, na nyumba nzima haina hata cherehani moja. Akarudi.

"Dada," akaniambia, "nataka helmeti ya mwisho. Hii ikinishinda nauza pikipiki."

"Imekufanya nini hiyo uliyonayo?"

Akanionyesha. Ilikuwa helmeti nzuri ya kufunika kichwa chote, zawadi ya binti yake. Lakini ndani alikuwa ameitesa. Sponji ya kwenye paji la uso ameipunguza kwa wembe, na kisogoni ameshonea kitambaa kilichokunjwa ili helmeti inyanyuke juu ya macho. Mshono umenyooka, wa mtu anayejua kazi yake. Nikamwambia mshono ni wa kwanza darasani na helmeti ni ya kutupa, maana ukishakata sponji umekata kinga. Hakucheka.

"Jana nusura nimgonge mama mmoja na mtoto wake," akasema. "Walikuwa mbele yangu kabisa. Sikuwaona, niliona ukingo wa helmeti tu. Yule mama alinitazama, dada. Hakunitukana. Bora angenitukana."

Nikamwambia kama ni hivyo apumzike kazi kidogo mpaka tupate dawa. Akatikisa kichwa.

"Nikipumzika nani ataongea na mimi? Cherehani ya mtu isipoharibika hakuna anayenitafuta. Nikiweka pikipiki ndani, ni mimi na kuta."

Alilisema hilo wazi wazi, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. Mimi sina desturi ya kubembeleza wateja, na nyumbani kwangu pia redio ndiyo inayonisalimia, kwa hiyo sikuwa na la kumfunza. Nikamwambia apande.

Alipanda, akavuta mwili mbele mpaka akawa karibu kukalia tenki. Magoti yakagusa usukani. Mgongo ukajikunja, mabega yakapanda, kidevu kikazama kifuani. Mtu mrefu vile akawa mfupi. Nyuma yake kiti chote kimebaki kitupu, kinang'aa.

"Fundi, kiti chote hicho umemwachia nani? Sogea nyuma."

"Niko sawa hapa."

"Sawa gani, umejikunja kama mwavuli! Sogea nyuma mgongo unyooke."

"Hapo pana mwenyewe," akasema.

Hakusema kwa utani. Mkono wake ulikwenda nyuma ukagusa kiti, halafu ukarudi kwenye usukani.

Hapo nikaelewa mambo yote kwa pamoja. Miaka yote ile alijikunja mbele kwa sababu mkewe alijaa kiti, na kujikunja hakukumdhuru kwa kuwa njia alikuwa akitazamiwa. Shingo ya ujana nayo ilikuwa inainuka, sasa imegoma. Mama ameondoka na sauti yake, na huyu amebaki amekaa vile vile, anaendesha kwa macho ya mtu ambaye hayupo. Hakuna helmeti duniani ya kutibu hilo. Ila ningemwambiaje?

Nikajaribu kwa njia ya biashara kwanza. Kwa mkao wake ule, helmeti pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya vijana wa mashindano, iliyokatwa juu sana, nyekundu, imechorwa ndimi za moto kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Nikamvika, nikakaza mkanda wa kidevuni, nikaitikisa kushoto na kulia kuona kama inacheza. Haikucheza. Akajitazama kwenye kioo, mzee mzima, kichwa kinawaka moto.

"Wateja watakimbia," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka. Nami nikacheka mpaka nikashika rafu.

"Unaona?"

"Naona njia."

"Shingo?"

Akaipapasa. "Shingo inavuta. Nitaizoea."

Ile helmeti ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote dukani, na ilikuwa imekaa rafuni muda mrefu ikinitazama. Ningeifunga kwenye karatasi, akaenda zake, basi. Lakini nilikuwa nimeona ile mishipa ya shingo ilivyosimama. Asingefika mbali kabla hajashusha tena kichwa, na njiani kuna mama mwingine na mtoto mwingine.

"Sikuuzii," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukisogea nyuma kidogo tu, helmeti ya kawaida itakutosha na shingo itapona. Usiposogea, hata hii haitakusaidia. Na mimi si wa kukuamulia kiti chako. Mpigie mwenye nafasi yake umuulize."

Ulimi wangu huo, siku moja utanifungisha duka. Nilidhani atashuka aondoke. Badala yake alitoa simu mfukoni, akaitafuta namba polepole, na kwa kuwa masikio yalikuwa ndani ya helmeti akaweka spika, akaishika mbele ya mdomo. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Baba, umekula?" Sauti ikajaza duka, ile ile ya kushoto nimesema kushoto. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu.

"Nimekula. Niko dukani, nachagua helmeti."

"Vizuri. Chukua ya maana, usichukue za bei chee."

"Huyu dada hataki kuniuzia. Anasema nakaa mbele mno. Anasema nisogee nyuma."

"Mbele wapi?"

"Kwenye pikipiki. Nakaa nilivyokuwa nakaa."

Watoto walipiga kelele, mama akawaambia wanyamaze, nao wakanyamaza. Mlango ulisikika ukifungwa.

"Mpaka leo unakaa hivyo?"

"Si ulisema unarudi."

Niliacha kufuta. Fundi alikuwa ameitazama simu kama anayesubiri fundi mwenzake amwambie mashine ina tatizo gani.

"Baba watoto," mama akasema, na sauti sasa ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia na sauti ndogo. "Kila ninapokupigia najiambia leo nitamwambia. Nasikia umekula, nasikia umeamka salama, nashindwa. Miguu yangu haipandi pikipiki tena. Na hapa nimeshapazoea, hawa watoto wamenizoea. Sirudi. Sogea nyuma, ukae vizuri. Usije ukaua mtu kwa ajili yangu, au ukafa wewe."

Fundi alishusha simu, akaiegemeza kwenye tenki.

"Umenisikia?"

"Nimesikia. Hii helmeti inabana masikio, lakini nimesikia."

"Usinikasirikie."

"Sijakasirika, mama. Wasalimie watoto."

Alikata simu, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Alibaki pale mbele ya tenki, ndimi za moto kichwani, mikono kwenye usukani usiokwenda popote. Nilitaka nimwambie pole, au nimlaani yule mwanamke, na vyote viwili vilikuwa si vya kwangu kusema. Niliumia, basi, na nikasimama pale na kitambaa changu.

Halafu akasogea. Alisogea kidogo, akatulia. Akasogea tena. Alishika kiti kwa mkono mmoja na kujivuta taratibu, mpaka akafika katikati, pale alipokuwa akikaa mwingine, na mgongo ukanyooka wenyewe, na mikono ikapata urefu wake. Kumbe alikuwa mrefu zaidi ya nilivyomfahamu.

Nikamvua ile ya moto. Nikamletea ya kijivu, nyepesi, ya kawaida kabisa, nikamvika, nikaingiza kidole kati ya sponji na paji la uso, nikaitikisa. Ilimkaa. Nikamfungulia mlango wa duka wote ili atazame nje.

"Niambie unaona nini."

"Naona duka la vioo," akasema. "Naona yule dobi anapiga pasi. Naona barabara mpaka pale inapopanda."

"Na shingo?"

"Haiumi."

Nikamwambia hiyo ndiyo helmeti yake. Alishuka, akailipia, akanishukuru kwa adabu zake zote. Ile ya zamani akaniachia. Nilimsindikiza mpaka nje, jambo ambalo huwa silifanyi kwa mteja, nikamwambia cherehani ya marehemu mama yangu ina kelele siku hizi, apite jioni akipata nafasi aiangalie. Haikuwa na kelele yoyote. Akasema atapita.

Aliwasha pikipiki yake, akakaa mbele kwa mazoea, akakumbuka, akarudi katikati. Dobi aliinua mkono kumsalimia naye akamwona, akamjibu. Kisha akaingia barabarani, amenyooka, kichwa juu, shimo la kwanza akalikwepa mwenyewe. Miaka yote tangu mkewe aondoke nilikuwa nikimwona anapita na kiti kitupu nyuma yake, na sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyeachwa. Siku ile kiti alikijaza mwenyewe, na yeyote aliyekuwa barabarani angeona kwamba yule mzee yuko peke yake.