Katuni ya Tekla na Mtani Kutoka Pwani

Kama hujamwona Tekla akikataa jambo, bado hujauona ukaidi. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka hapa Tabora mjini, na kila Jumamosi huchora katuni kwa chaki kwenye ubao wa kijiwe cha kahawa cha Mussa.

Jumamosi hiyo alimchora rais wa nchi moja ya mbali, ambaye redio ilikuwa haiachi kumtaja. Rais kavaa kofia ya chuma, anakimbilia vitani, na nyuma yake akina mama wa nchi yake mwenyewe wamemng'ang'ania koti. Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

Akafika Saidi, mtendaji wetu wa kata. Hakucheka.

"Futa, Tekla. Watu watasema umewachora wakubwa wetu."

"Kwani wakubwa wetu wana vita na nani?"

"Futa. Kesho nitakayeulizwa ni mimi."

"Mzaramo wewe! Chaki tu unaiogopa?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu wapagazi wa huku walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani, na mtani akikutukana hununi. Saidi alilijua hilo. Akatabasamu kwa shida, lakini tambara akaliokota.

Tekla akasimama mbele ya ubao. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Baba yangu alikwenda vita vya Kagera, mimi nikiwa tumboni. Hakurudi, na maiti hatukuletewa. Mama yangu hakupata hata koti la kushika. Sifuti, Saidi. Ukitaka ubao, nisukume kwanza mimi."

Saidi akalishusha tambara.

"Aliitwa nani?" Saidi akauliza.

"Mathias."

"Mtani gani alimzika?"

"Hakuna. Angezika nini?"

Kwetu mtani ndiye anayeshika msiba, na kazi yake ni kumkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke. Saidi akaliweka tambara mezani, akavua kofia, akapaza sauti.

"Mathias! Mnyamwezi gani wewe? Umeonja ndizi za Kagera, uroho ukakuzidi, ukasahau njia ya kwenu! Na mke umemwacha na tumbo!"

Tekla akacheka. Alicheka huku machozi yakimtiririka, hadi Mussa akamletea kiti.

Ubao haukufutwa. Na Mathias, baada ya miaka yote hiyo, akawa amezikwa na mtani wake.