Risiva Tatu na Spika ya Kushoto

Saa nne asubuhi, fundi amekaa katikati ya kochi la watu, mikono magotini, macho ameyafumba. Sauti ya majaribio, shaaa kama mvua juu ya bati, inaizunguka sebule spika moja baada ya nyingine. Inaanzia mbele kushoto, inapita ya kati chini ya runinga, inakwenda mbele kulia, kisha nyuma kulia, ubavuni mwa kochi usawa wa sikio. Inapofika nyuma kushoto, ubavu wa pili wa kochi, fundi anakunja uso.

"Imekufa tena," anasema.

Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, anaweka kikombe chake chini. "Fundi, hiyo ni risiva ya tatu."

Fundi analijua hilo vizuri, na ndilo linalomuumiza kichwa.

Mtaani wanamwita Sikio. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiwachagulia watu mitambo ya sauti na kuwafungia majumbani, na nyumba mbili kwa wiki zinamtosha kula na kulipa pango. Risiva ndiyo moyo wa mitambo hiyo. Inapokea sauti ya filamu na kuigawa, kila spika na fungu lake, hata mlango ukigongwa kwenye runinga utasikia kama umegongwa nyuma ya kochi lako.

Wanunuzi wengi husoma wati zilizoandikwa kwenye boksi. Sikio hasomi. "Wati za kwenye boksi ni kama umri wa mtu anayetafuta mchumba," anasema. "Unaambiwa, kisha unapiga hesabu yako mwenyewe."

Ndani ya boksi mara nyingi huwa na kipaza sauti kidogo cha kuweka pale anapokaa msikilizaji, ili risiva ijipime yenyewe. Sikio hajawahi kukitumia. Wateja wakimwachia, hukitumbukiza kwenye kopo tupu la rangi karakanani kwake. Vimefika kumi na saba. Mtu mwenye masikio, husema, haazimi sikio la plastiki.

Kazi hii si ya kujifurahisha tu. Mume wa muuguzi, aliyeendesha malori maisha yake yote, amepoteza macho kwa ugonjwa. Alikuwa mpenzi wa filamu, na sasa anataka kuzifuata kwa kusikia. "Nikijua nani kasimama upande gani, mimi nitaona," alimwambia fundi siku ya kwanza. Kwa hiyo sauti ikikosea upande, mzee amepotea.

Jumatatu Sikio alifunga risiva ya kwanza, spika ya nyuma kushoto ikafifia. Akabadilisha nyaya, akahamisha spika ya kulia kuileta kushoto. Bado. Akairudisha risiva dukani. Jumatano, risiva ya pili ikafanya yale yale. Akalilaumu pazia, likashushwa. Akalilaumu kabati la vyombo, muuguzi akalisukuma mwenyewe huku akiguna.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba akiisogelea spika yenyewe na kuitegea sikio, inalia vizuri kabisa. Akirudi kwenye kochi, imezimika. "Nilianza kufikiri nyumba ina jambo," anasema, na hatanii.

Mwenye duka, anayempa karibu wateja wake wote, alimkabidhi ya tatu kwa jicho la pembeni. "Risiva mbili zimeugua ugonjwa mmoja? Hii ikirudi, Sikio, tafuta duka lingine."

Na sasa hii nayo.

"Mimi naisikia," anasema mzee kutoka kwenye kiti chake kando ya dirisha.

"Asante, mzee, lakini haiko sawa."

"Simama basi. Ugeukie ukuta wa nyuma, uipe runinga mgongo. Halafu urudie."

Fundi anasimama, maana mkubwa akisema huna budi. Anageuka, anabonyeza rimoti. Shaaa inaanza safari yake. Spika ile iliyokufa, ambayo sasa iko kulia kwake, inavuma kwa nguvu zote. Ile ya nyuma kulia, nzima tangu Jumatatu, sasa iko kushoto kwake, nayo inafifia.

Anarudia. Anarudia tena.

"Fundi," mzee anasema taratibu, "risiva haijui wewe umeangalia wapi."

Sikio anakaa chini. Anajishika sikio la kushoto kama mtu anayepapasa mfuko uliochomolewa pochi. "Nilichanganyikiwa kuliko mwanzo," anasimulia. "Nilikuwa tayari kulaumu hata ukuta. Mimi mwenyewe sikuwemo kwenye orodha."

Muuguzi anavuta kiti, anaanza kuuliza. Simu unapokelea sikio gani? La kulia. Spika ukiisogelea unaitegea lipi? La kulia. Tangu lini? Hapo anakumbuka meza ya nyumbani kwake, na uso unamshuka.

Mezani, tangu waoane, mkewe hukaa kushoto kwake. Kwa miaka miwili amekuwa akilalamika: nazungumza na wewe, wewe unamega mkate. Waligombana, wakasuluhishwa, wakagombana tena. Siku hizi mama huyo anakula kimya. "Alisema namdharau," Sikio anasema. "Nikamwambia ananisingizia. Kumbe kweli sikuwa namsikia."

"Huenda ni nta tu, huenda ni zaidi," muuguzi anamwambia. "Kapimwe. Mganga hajigangi."

Kabla ya hospitali kulikuwa na simu ya kupiga. Alimweleza mwenye duka ukweli wote.

"Kwa hiyo zile mbili ni nzima?"

"Nzima. Mbovu nilikuwa mimi."

"Njoo uzichukue," alisema mwenye duka. "Mteja achague mwenyewe."

Mchana huo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, Sikio aliweka sikio la plastiki kwenye kochi. Kisha mzee alisikiliza risiva zote tatu kwa kipande kimoja cha filamu, mwanamke akinong'ona huku mvua ikinyesha. Aliichagua ile ya kwanza, iliyorudishwa dukani bila kosa. Kwenye hiyo, alisema, mnong'ono hauzami ndani ya mvua.

Sikio atapimwa Alhamisi ijayo. Matokeo yakija vyovyote, anapanga kuwarudia wateja wote wa miaka miwili hii na kuwapimia upya bure. "Wengine nimewaongezea sauti ya kushoto bila sababu," anasema. "Wanakaa sebuleni wanapigiwa kelele upande mmoja, wanadhani ndiyo ufundi."

Lakini hilo litasubiri. Anakunja nyaya, anafunga begi, anaangalia saa. Mkewe atakuwa anaandaa meza.

"Nitamwomba ahamie kulia," anasema. "Halafu aniambie yote ya miaka miwili, tangu mwanzo. Hata yale ya kunitukana, nataka niyasikie."