Sabuni kwenye Kifuniko cha Tangi

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Magogoni, Kisauni, mtoto alijulikana kwa harufu ya kwao. Watoto wa muuza mahamri walinukia iliki mpaka darasani. Wa fundi viatu walinuka gundi. Mimi nilinuka petroli. Baba alikuwa mkata nyasi, na mashine yake ndogo ya kusukuma ililala nasi chumbani, imesimamishwa wima na kuegemezwa ukutani, maana chumba kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa sita.

Baba alitoka Kaloleni akiwa kijana, na kazi yake ya kudumu ilikuwa uwanja wa shule moja kule Utange. Uwanja huo ndio uliotulisha. Siku za likizo nilifuatana naye, nikakusanya nyasi kwa reki, na saa nne tukakaa kivulini kula viazi vya karai na chai ya chupa. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa, mdomo wangu unatafuta pilipili ya ukwaju.

Hakusomea ufundi popote, lakini alikuwa na sheria yake. Mashine ikileta matata, hakuna kushika chochote. Kila aliyekuwa karibu alinyamaza, akasikiliza, kisha akasema kwa zamu amesikia nini, hata kama ni mama aliyekuja kuleta maji, hata kama ni mimi. "Masikio kwanza, spana baadaye," alikuwa akisema. Majirani walimcheka, lakini mashine zao walimletea.

Sasa, ile mashine ikilala wima ilivuja. Kifuniko cha tangi kilikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano, na petroli ilipenya hapo tone kwa tone, ikaangukia mkoba wangu wa shule. Wenzangu wakanibandika jina la Stesheni. Tukicheza kati, aliyenilenga kwa mpira alipiga kelele, "Msiwashe kiberiti!" Nilicheka nao mchana, nikirudi nyumbani nalia.

Shangazi yangu alikuwa akiuza chai Miritini, pale malori yanapopumzika, na nilikuwa nimewaona madereva wakisugua sabuni kwenye tangi linalovuja, likanyamaza. Basi jioni moja, mama akiwa kwenye mfereji na baba hajarudi, nilinyofoa kipande cha sabuni kwenye mche wake wa kufulia, nikakikandamiza kwa kidole ndani ya kifuniko mpaka kitundu kikapotea. Nikalala nimejiona fundi kuliko mafundi wote wa Kisauni.

Kesho yake mashine ikawaka vizuri. Ikakata mistari mitatu minne, ikapata moto, ikaanza kukohoa, ikazimika. Baba akaipumzisha, akafungua tangi kuona kama petroli imo, akaifunga, akaivuta kamba. Ikawaka. Baada ya muda mfupi, ikakohoa tena. Ikawa hivyo siku nzima, na siku ya pili.

Na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Jumamosi shule ilikuwa na siku ya wazazi, na mwalimu mkuu alikwisha kumwambia baba waziwazi: uwanja usipokuwa tayari Ijumaa, atatafuta mkata nyasi mwingine, na huyo ndiye atakayebaki. Mama aliacha kuimba akipika. Mimi sikuunganisha mambo. Nilijua nimeziba harufu, sikujua nimeziba riziki.

Alhamisi jioni baba akamwita nyumbani Fundi Mwinyi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, nami ndiyo nimetoka shule na mkoba begani. Fundi akabadilisha plagi, akakwangua nyasi zilizoganda kwenye mapezi ya silinda yanayoipoza injini, akasafisha kabureta. Ikawaka, ikazimika.

"Wallahi hii imechoka na joto, mzee mwenzangu," akasema. "Injini ikishapata moto haina nguvu tena. Ipumzishe kaburini."

Baba akaifunga gunia lililoloweshwa maji kwenye silinda, akaiwasha tena, akatuambia tunyamaze. Ilipoanza kukohoa akanigeukia mimi kwanza. "Umesikia nini, Kadzo?"

"Nasikia kama petroli imeisha, baba. Lakini imo."

Akasimama akifikiri. Kisha, injini ikiwa inakata roho, akainama akalegeza kifuniko cha tangi. Tukasikia fyuu, hewa ikivutwa ndani, na mashine ikanguruma kama ilipokuwa mpya. Kumbe kile kitundu ndicho kilichoingiza hewa petroli ilipopungua. Kikizibwa, petroli hukwama tangini, haishuki kwenye injini. Joto lilisingiziwa tu. Kilichoiponya kila mara haikuwa kupumzika, bali kule kufungua tangi.

Baba akakipindua kifuniko. Sabuni ile pale, na alama ya ukucha mdogo katikati.

"Lo! Nani kaziba hapa?" Fundi Mwinyi akauliza.

Baba akanitazama, akautazama mkoba wangu, akatumia muda kidogo kuunusa upepo. "Mimi," akasema. "Ilikuwa ikivuja."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mzee wa masikio kwanza kajizibia tangi mwenyewe! Kufikia jioni Magogoni nzima ilikuwa na habari, na jina la Baba Sabuni likamganda mpaka uzee wake. Aliitikia akitabasamu. Uwanja ulimalizika Ijumaa saa kumi, na kazi ikabaki yetu. Jumapili baada ya kanisa alijenga kibanda cha mabati makuukuu ubavuni mwa nyumba, mashine ikalala huko ikiwa imekaa sawa. Mkoba wangu ukaacha kunuka, na mimi nikaacha kuitwa Stesheni. Hakuniuliza neno, si siku ile wala maisha yake yote.

Niliyakumbuka haya mwezi uliopita, nyumbani kwa mama, anakoishi sasa kule Utange. Mwanangu Baraka, msomi wa chuo kikuu, alikuwa akimkatia bibi yake nyasi na mashine mpya, nayo ikawa inazimika kila ikipata moto. Vijana wa leo mtihani. Alishatazama video nane, za wazungu na Wahindi, akaagiza koili ya kuwashia injini mtandaoni, lakini hakuwa amefunga mdomo hata dakika moja kuisikiliza mashine yenyewe. Nikamwambia aweke simu mfukoni, aiwashe, aniambie anasikia nini. Ilipokohoa nikalegeza kifuniko. Fyuu. Kitundu kilikuwa kimejaa vumbi na nyasi.

Mama akacheka barazani. "Kama ya Baba Sabuni!"

Hapo nikashindwa kujizuia. Baba ametutoka miaka sita sasa, na kila anapotajwa watu humcheka kwa kosa langu. Nikamsogelea mama, nikapiga magoti karibu na kiti chake kama mtoto. "Mama, ile sabuni si baba. Ni mimi niliyeziba."

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kuchambua mchicha wake.

"Najua," akasema. "Baba yako hakushika sabuni yangu tangu anioe. Na ule mche ulikuwa na alama za kucha zako."

"Mbona hukusema?"

"Aliniambia niseme ni yeye. Nikasema ni yeye."

Leo wanangu wana mikoba inayonukia duka, na mashine zao zina dhamana ya miaka miwili, na mimi nawafurahia. Ila enzi zetu mtu aliweza kulibeba kosa la mtoto wake miaka arubaini, akachekwa nalo sokoni na kanisani, na mkewe akacheka pamoja na watu ili siri isimtoke. Nilibaki pale chini, kichwa changu mapajani mwa mama, Baraka akikata nyasi, na mashine haikuzimika tena.